Heroe Katika Lambo la Maji Matamu

Heroe hanoni kwa maji matamu.

Ndivyo alivyosema shangazi yenu Paskalina jana, pale jirani yetu Emanueli alipolalamika kwamba amemleta baba yake mjini, amempa chumba chenye feni na kitanda cha sponji, na bado mzee hali vizuri wala halali, anauliza tu habari za mbuzi wake. Niliwaona mkitazamana. Mlitaka kujua huyo heroe ni nani, na maji matamu yamekosa nini. Haya, sogezeni hizo karanga karibu, tumenye huku nikiwaeleza maneno hayo yalikotoka. Yalimtoka mama mkwe mmoja mkali, siku alipochoshwa na midomo ya majirani.

Zamani, kabla barabara haijapanda huko, palikuwa na kijiji juu kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kiliitwa Dawari. Kulikuwa na baridi na ukungu wa asubuhi, na ardhi iliyokubali kila mbegu. Watu wake walilima ulezi na maharage, wakafuga ng'ombe wa maziwa, na chemchemi yao haikukauka hata mwaka wa njaa. Chini yao, mwendo wa siku mbili kwa miguu, palikuwa na ziwa la magadi. Kingo zake zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga, na maji yake yaliuma ulimi. Huko ndiko alikozaliwa Udaweda.

Margwe wa Dawari alimwona siku alipoteremka kununua chumvi ya mifugo. Akarudi mara ya pili bila haja ya chumvi, na mara ya tatu akaja na wazee. Ng'ombe wa mahari wakateremshwa, binti akapandishwa.

Margwe hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, hakumnyima kitu. Hata mama yake, Bibi Matle, ambaye ulimi wake ulijulikana kijiji kizima, alimwekea mkwewe kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Lakini Udaweda alikonda. Walimchemshia mizizi, walimchinjia kondoo, na mkanda wake bado ulizidi kulegea. Ukungu ulipoondoka alikuwa akienda mpaka ukingoni, mahali ardhi inapokatika, akatazama chini. Siku za mwanga mzuri aliona mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Alisimama pale mpaka joto la mchana liufute, kisha akachukua mtungi wake akaenda chemchemi kama wanawake wenzake.

Mwaka wa kwanza alimwambia mumewe, "Nataka kwenda kumwona mama."

"Utakwenda," Margwe akasema. "Tukishavuna."

Wakavuna. Zizi likataka kujengwa upya. Mwaka wa pili wakavuna, na Bibi Matle akaumwa mguu. Mwaka wa tatu mvua ilikata njia. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Lakini chini ya sababu hizo zote palikuwa na hofu ambayo Margwe hakuwahi kuitamka: mke wa jirani yake aliteremka kwao kusalimia, na hakupanda tena. Udaweda alihesabu mavuno sita.

Katika masika ya mwaka wa saba ilipiga mvua ya mawe, mawe makubwa kama mayai ya kanga. Asubuhi yake watu walipokwenda kunywesha ng'ombe kwenye lambo la kijiji, wakamkuta ndege amesimama katikati ya maji. Alikuwa mrefu, miguu kama mianzi myembamba, shingo kama kamba iliyopindwa, na mwili wake wote ulikuwa na rangi ya waridi. Dhoruba ilikuwa imemnyakua kutoka kwa wenzake na kumtupa huko juu.

Watu wa Dawari walikuwa hawajawahi kumwona heroe kwa karibu. Walijaa ukingoni kama siku ya harusi. Mzee Nade, mwenye shamba lililopakana na lambo, alifurahi kuliko wote.

"Mnaona?" akasema. "Ameyakimbia maji machungu, amekuja kwenye maji matamu. Hata ndege anajua pazuri ni wapi!" Kisha akamgeukia Udaweda akicheka. "Mke wa Margwe, mwenzio amekufuata."

Wote wakacheka, na Udaweda akatabasamu kwa adabu. Lakini macho yake yalikuwa yanapima lile lambo. Yeye peke yake alijua kwamba heroe haruki kama kunguru. Hukimbia juu ya maji, hatua nyingi, mpaka upepo umkubali. Na lambo lile lilikuwa fupi, limezungukwa na matete. Mchana ule ndege alijaribu mara mbili. Mara zote mbili aliishia kwenye matete, akajikwamua, akarudi katikati akiwa ameloa.

Wakamletea ulezi, hakuugusa. Wakamletea samaki wadogo, akawapita. Mtu mmoja akamrushia ugali. Kila siku walisema ataanza kesho, maana nani anaweza kufa njaa Dawari? Kufikia siku ya tano mfupa wa kifua chake ulikuwa umechomoza kama makali ya kisu, na hakusogea tena watu walipomkaribia. Udaweda aliingia majini, akamkumbatia, akambeba mpaka uani kwao. Ndege hakupigana naye.

Ndani, chini ya kitanda chake, alikuwa na kifurushi cha ngozi. Akakifungua, akatoa bonge la magadi, akalivunja kwa jiwe na kulikoroga kwenye beseni la maji.

Bibi Matle alikuwa mlangoni anachambua maharage. "Hayo ni magadi ya kupikia kunde," akasema. "Unayamwaga?"

"Ni yangu, mama. Mama yangu alinifungia siku niliyoondoka. Haya ndiyo ya mwisho."

Akamweka ndege mbele ya beseni. Heroe akasimama kimya. Kisha, kama mtu aliyeitwa jina lake, akashusha shingo, akaugeuza mdomo wake juu chini kama wanavyofanya, akaanza kuchuja. Akachuja kwa pupa, mdomo ukitetemeka, huku na huku. Akainua kichwa, akatazama lile beseni, akashusha tena. Akachuja, akachuja. Mwishowe akaacha.

"Anatafuta nini?" Bibi Matle akauliza. Maharage yalikuwa yamesahaulika.

"Chakula cha kwao. Kule maji yana ukoga wa kijani, mdogo hata macho hayauoni vizuri. Ndio wanaouchuja. Humu hamna." Sauti ya Udaweda ikaanza kukatika. "Ameonja tu ladha ya nyumbani."

"Basi umemdanganya."

"Nimemdanganya, mama."

Hapo akalia. Miaka sita hakuwa amelia katika ua ule, wala siku alipoharibikiwa mimba, na sasa alilia mbele ya mama mkwe wake, ameshika beseni kwa mikono miwili.

Margwe aliingia kutoka shambani, jembe begani, akawakuta hivyo.

"Nataka kumrudisha ziwani," Udaweda akamwambia.

Margwe akaweka jembe chini polepole. "Njia ina matope. Subiri kidogo, tukishavu—"

"Hatafika mavuno."

Kuku walikuwa wanachokoa taka kando ya ghala. Margwe akamtazama ndege, akamtazama mkewe, kisha akauliza lile swali alilolikwepa miaka yote: "Na wewe utarudi?"

Udaweda angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na lingemfungulia njia. "Sijui," akasema. "Sitaki kukudanganya. Nimeshadanganya kiumbe kimoja leo."

"Basi huoni kwamba siwezi..."

"Margwe," Bibi Matle akakatiza. "Mnyanyue huyo ndege."

"Mama, nina—"

"Mnyanyue, nimesema."

Akamnyanyua. Alikuwa amejiandaa kubeba uzito wa ndege mkubwa, akamwinua juu kupita alivyokusudia, maana hapakuwa na uzito. Ilikuwa kama kuinua tita la nyasi kavu.

"Sasa," mama yake akasema, "mshike mkeo mkono."

Margwe hakumshika. Alibaki na ndege kifuani, akautazama mkono wa mkewe uliokuwa bado kwenye beseni, akautazama muda mrefu, bangili zikiwa zimeteleza zote mpaka kwenye kifundo. Alikuwa akiuona kila siku, na hakuwahi kuona ulivyokonda. Akampa Udaweda ndege wake, akatoka nje kwenda kutafuta tenga.

Waliondoka ukungu ulipoanza kufunguka. Heroe alikuwa ndani ya tenga, miguu imekunjwa, kichwa kimefunikwa kitambaa asishtuke. Margwe alilibeba mpaka chini ya ukuta wa bonde, mahali baridi inapoisha na miiba inapoanza. Hapo akasimama.

"Nisindikize mpaka nyumbani," Udaweda akasema.

"Nikifika kwenu nitataka kurudi nawe," Margwe akajibu. "Nenda peke yako. Ukae siku utakazokaa." Akamtwisha tenga, akageuka haraka, na Udaweda akaona mabega yake yakipanda njia mpaka miamba ilipoyaficha. Hakutegemea kwamba moyo utamuuma pia kwa upande huo.

Alilala njiani kwa jamaa za baba yake, na kesho yake mchana harufu ya ziwa ikamfikia kabla ya ziwa lenyewe. Kisha akasikia sauti: maelfu ya heroe, kama watu wengi wanaozungumza katika nyumba ya pili. Ndani ya tenga kitu kikajitikisa.

Akaingia majini mpaka magotini, akafungua kitambaa. Ndege aliyumba, miguu imekufa ganzi, akaegemea paja lake kwa muda. Halafu akashusha shingo, akageuza mdomo, akachuja. Udaweda alizuia pumzi akingoja kuona kama atainua kichwa kama alivyofanya kwenye beseni. Hakuinua. Alikula mpaka vivuli vikawa virefu.

Mama yake Udaweda alikuwa akikwangua chumvi upande wa pili. Aliona mtu amesimama majini kama asiye na kwao, akaja kutazama. Alikuwa amezeeka, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Akampapasa binti yake uso, mabega, mbavu.

"Umekonda," akasema.

Siku ya nne heroe alikimbia juu ya maji, hatua kwa hatua, mpaka miguu ikaacha maji, akaingia katika kundi. Udaweda alimfuata kwa macho kadiri alivyoweza. Kisha hakuweza tena kujua yupi ni yupi, akacheka kwa sauti, peke yake, pale ukingoni.

Huko juu mwezi wa kwanza ulipita, na wa pili. Ulipofika wa tatu, Dawari yote ilikuwa na la kusema. Siku moja chemchemini, Mzee Nade alilisema mbele ya Bibi Matle mwenyewe: "Tulimpa maziwa. Tulimpa maji matamu kuliko yote nchi hii. Angalieni malipo yake. Kweli wengine hawana shukrani."

Bibi Matle akautua mtungi wake.

"Nade, wewe ulimrushia yule ndege ulezi siku tano, na siku tano alikuwa anakufa mbele yako huku ukimshangilia. Maji yetu ni matamu, nani amebisha? Mimi nimeyanywa tangu nizaliwe. Lakini heroe hanoni kwa maji matamu!"

Akajitwisha mtungi, akaenda zake.

Mwezi wa nne Margwe aliteremka. Alimkuta mkewe ameinama na mama yake wakikwangua chumvi, na alipoinuka, Margwe alisita, kwa sababu alimwona yule msichana wa zamani, ambaye yeye Margwe alimfuata mara tatu.

"Umenona," akasema.

"Nimenona."

Alikaa siku tatu. Alikunywa maji ya kisima chao, yakamsokota tumbo, wakamcheka. Hakuuliza neno. Siku ya kuondoka, akiwa anafunga viatu vyake, akaona Udaweda anafunga mzigo wa chumvi.

"Hukuniuliza kama ninarudi," Udaweda akasema.

"Niliogopa jibu."

"Kule ndiko nyumbani kwangu, na hapa ndipo kwetu. Nimekuwa nikiota sauti ya jiwe la kusagia la mama yako." Akakaza kamba. "Kila kiangazi nitateremka. Usinizuie."

Margwe hakumzuia tena. Kila kiangazi Udaweda aliteremka, na kila masika akapanda, na popote alipokuwa palikuwa na mtu wa upande wa pili aliyemkosa. Hilo halikuisha mpaka uzeeni mwake. Lakini mkanda wake haukulegea tena.

Na watu wa Dawari, wakimwona mgeni aliyepewa kila kizuri na bado anadhoofika, waliacha kumwita mtovu wa shukrani. Walimwuliza kwao ni wapi, na ni lini alipakanyaga mara ya mwisho. Wakamwandalia chakula cha njiani, wakamfungulia lango. Walijua kwamba uzuri wa mahali haujazi pengo la mahali pengine, na kwamba heroe, hata umpende vipi, hanoni kwa maji matamu.