Nyani Alivyoapa Kula

— Nimebeba mzigo!

— Tua tuuone!

— Ni uongo mtupu!

— Tua tuuonje!

Haya. Asubuhi hiyo Pimbi na mkewe Siwema walikuwa juu ya jabali lao, wanaota jua na kucheza bao. Mashimo ya bao yalichongwa na mababu kwenye mwamba wenyewe, na kete zilikuwa komwe. Zamu ikawa ya Siwema. Akainuka kabla ya kucheza.

"Usiguse kete, nakujua wewe," akasema. "Nachuma majani, narudi sasa hivi."

"Nani aguse? Mwizi wa kete hapa ni wewe."

Siwema akacheka, akaenda. Tai akapita. Vuuu! Siwema hakurudi.

Kaburi halikuwapo, kwa hiyo Pimbi akalilinda lile bao. Kete za mkewe upande ule, zake upande huu, na zamu bado ya Siwema. Wanyama wakaja kumpa pole.

"Pole sana, ndugu yetu."

"Nimeshapoa."

"Jikaze."

"Najikaza. Kaeni popote, ila pale pasiguswe."

Basi akaja Nyani. Nyani dume, mabega kama milango, nyuma yake wake na watoto kundi zima. Akalitazama jabali: lina mapango, na jua linalipiga tangu linapochomoza. Akalitaka lote.

"Mimi si mnyang'anyi," akasema. "Tutacheza bao. Nikikufunga, hama. Ukinifunga, kaa."

Asiyetaka kucheza alionyeshwa meno. Na Pimbi alijua kuhama maana yake nini. Pimbi asipoota jua la asubuhi damu yake haichangamki, na kule bondeni ni baridi na ukungu. Wanawe walikuwa wadogo. Wasingefika mbali.

Nyani akachimba mashimo mchangani, chini ya jabali, akaanza kuwaita wakazi wa jabali mmoja mmoja.

Akaja Nungunungu. Nungunungu anaogopa hasara. Akazirundika kete zake shimo moja, akazikodolea macho, hataki kutoa hata moja. Nyani akala za pembeni, ti, ti, ti, kwa! Kisha akalila na rundo. Nungunungu akafungwa.

Akaja Tumbili. Tumbili anacheza kwa ajili ya watazamaji. Akila kete moja anabinuka na kuuliza, "Mmeona? Jamani, mmeona?" Bado anauliza, Nyani ti, ti, ti, kwa! Tumbili akafungwa.

Akaja Kobe. Kobe anafikiri.

"Cheza!"

"Nafikiri."

"Cheza, bwana!"

"Usinikimbize."

Alipocheza, alicheza vizuri kabisa. Lakini zamu ya pili alipoanza kufikiri tena, Nyani akanyoosha mkono akamchezea. "Nimekusaidia," akasema. Ti, ti, ti, kwa! Kobe akafungwa huku akilalamika, "Lakini mimi sijacheza."

Pimbi aliwatazama wote kutoka juu. Siwema alizoea kumwambia asitazame kete tu, amtazame na mwenye mkono. Akautazama mkono wa Nyani. Kila mara ulikwenda kwenye shimo lililojaa kuliko yote, wala haukuuliza kitakachofuata.

"Wewe mfiwa!" Nyani akaita. "Shuka ufungwe!"

"Sishuki. Jabali linachezewa kwenye bao la jabali."

Nyani akapanda, na wengine wote wakapanda kutazama. "Na hizi kete vipi?"

"Ngoja. Nitazitoa mwenyewe."

Pimbi akaketi upande wa Siwema, mara ya kwanza tangu siku ile. Kutoka hapo akaona asichokiona alipokuwa upande wake. Siwema alibakiwa na kete chache, lakini zilikaa mahali pake, na upande wa Pimbi ulikuwa umejaa, umevimba, unasubiri kuliwa. Angemfunga vibaya. Pimbi akacheka kidogo, puani. Kisha akazizoa kete zote.

"Nina ombi, bwana mkubwa. Watu wananihurumia mpaka nimechoka. Tucheze kwa desturi ya zamani: mwenye cha kula sharti ale. Mtu asiniachie hata kete moja kwa huruma."

"Huruma? Mimi?" Nyani akacheka mpaka magego yakaonekana. "Naapa mbele ya wote hawa, nitakula!"

Wakaanza. Pimbi akamwachia shimo, Nyani akala. Sasa, katika bao kete iliyoliwa haiondoki uwanjani. Mlaji anaitia katika mashimo yake. Ti, ti, ti, kwa!

"Nimekula!"

"Umekula, bwana mkubwa."

Pimbi akamwachia jingine. Ti, ti, ti, kwa!

"Nimekula tena! Utalala wapi leo, mjane?"

"Tutajua hukohuko. Wewe kula."

Mashimo ya Nyani yakafura. Ya Pimbi yakawa karibu matupu, na watoto wake wakaanza kulia pangoni. Nyani akanyoosha mkono, kisha mkono ukasimama. Kwa mara ya kwanza aliangalia mbele. Akila hili shimo, kete zake zitajipanga zote mbele ya Pimbi.

"Hili nakuachia," akasema. "Nimeshiba."

"Unanihurumia?"

"Nimeshiba tu!"

"Uliapa!" akasema Nungunungu.

"Tumesikia, jamani, tumesikia!" akasema Tumbili.

"Kula!" akasema Kobe, upesi, bila kufikiri.

Nyani akala.

Ikawa zamu ya Pimbi. Ti, ti, ti, kwa! Akala, akatia, akaangukia penye cha kula. Kwa! Akala, akatia. Kwa! Mpaka mstari wa mbele wa Nyani ukawa mtupu, na mwenye mstari wa mbele mtupu amefungwa. Nyani akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akashuka na kundi lake, wakalala mchangani.

Ngano hii inatufundisha kwamba kuapa ni kubaya: ukitaka kula vya watu, kula kimyakimya. Na ukimwona mfiwa, mhurumie sana, wala usimruhusu kucheza.

— Aa! Na Pimbi je?

Pimbi, kesho yake asubuhi, aliota jua, akawalisha wanawe, kisha akateremka mwenyewe mpaka mchangani.

"Nyani, panda."

"Unataka kunicheka?"

"Nataka mtu wa kucheza naye. Mkono unao, macho ndiyo kwanza yameanza kazi. Na hao watoto walete juani, wameganda."

Nyani akapanda, wakaketi.

"Nani anaanza?"

"Wewe mgeni. Anza."

Nami nikawaacha hapo, nikaja zangu. Asiyesadiki apande akawaulize.