Ngiri na Kamba Iliyogusa Pande Zote

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa mwenye meno na mwenye kamba!

Na mwenye kusinzia?

Atoke nje!

Haya, mmeitikia vizuri, isipokuwa wewe hapo karibu na mlango. Nakuona.

Hapo kale paliondokea mama mmoja, Kindi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mkia. Alikuwa na shamba la karanga kando ya mto. Shamba lenyewe lilikuwa la pembe tatu. Upande wa mto ulikuwa mrefu mno, na zile pande nyingine mbili, ule wa kichuguu na ule wa njia, zilikutana nyuma kwa pembe pana, shamba likalala kama paa la banda lililobonyea. Kindi alilima shamba hilo na Ngiri. Yaani, nisiseme uongo: Ngiri alichimba asubuhi moja, fuku fuku fuku, akaenda zake kulala matopeni. Kindi akapanda. Kindi akapalilia. Kindi akafukuza ndege.

Mwaka uliopita Ngiri aliingia shambani kabla ya siku ya kugawana, akala karanga zote. Wanyama walipomkaripia, aliomba radhi huku mdomo umejaa. Kindi akabaki na maganda. Kiangazi kilipokuja, watoto wake walilia njaa mpaka sauti zikawakauka. Safari hii Kindi alikesha shambani, akaapa: "Wanangu hawalali njaa tena. Hawalali!"

Sasa sikilizeni mila ya nchi ile. Wawili waliolima pamoja waligawana kwa kamba. Mkubwa hutaja kamba ifike wapi. Mdogo hupima mahali pa kigingi. Kisha mkubwa hufungwa mguu kwenye kamba, na kamba inapoishia, na chakula chake kimeishia hapo. Kinachobaki ni cha mdogo. Na anayekata kamba? Haruhusiwi tena kugaagaa kwenye matope ya kijiji. Na ngiri asiye na matope ni ngiri gani huyo?

Siku ikafika. Ngiri akaja, tumbo mbele.

"We Kindi! Karanga zimekomaa?"

"Zimekomaa, Bwana Ngiri. Taja kamba ifike wapi."

"Ifike pembe zote tatu! Kigingi kimoja, kamba moja. Ikinyooka iguse pembe hii, na ile, na ile. Isibaki hata punje."

Kindi akalitazama shamba lote. Kamba ya namna hiyo ingelizunguka shamba zima. Maganda tena! Lakini hakulia. Alizoea kupima kwa macho kutoka tawi hadi tawi, akasema, "Sawa. Ngoja nipime."

Akatafuta katikati ya upande wa kwanza, akanyoosha uzi kutoka hapo, wima, usiegemee huku wala huku. Akatafuta katikati ya upande wa pili, akanyoosha uzi. Akatafuta katikati ya upande wa tatu, akanyoosha uzi. Nyuzi zikaenda, zikaenda, zikatoka shambani! Kindi akazifunga vijiti, akazirusha mtoni, chubwi, chubwi, chubwi. Zote tatu zikakutana mahali pamoja, katikati ya maji. Kindi akaficha tabasamu nyuma ya mkia.

"Bwana Ngiri, kigingi chako kinakaa pale. Ni pale tu palipo mbali sawasawa na pembe zote tatu. Nenda ukakichomeke."

Pale pale majini, Mamba akafumbua jicho moja.

"Karibu, Bwana Ngiri," akasema. "Karibu sana. Sijatia kitu kinywani tangu jana."

Ngiri akarudi kinyumenyume, akakalia mkia wake mwenyewe.

"Nabadilisha! Mila inaruhusu kubadilisha!"

"Mara moja," akasema Kindi. "Ya pili ndiyo ya mwisho."

Ngiri akafikiri mpaka masikio yakamtoka jasho.

"Pembe ni ncha tu," akasema. "Nani anakula ncha? Nataka kamba iguse pande zote tatu! Upande wa mto, upande wa kichuguu, upande wa njia. Anayegusa pande zote ana shamba lote!"

"Pande zote?" Kindi akajishika kichwa. "Usinifanyie hivyo, Bwana Ngiri! Nitawalisha nini wanangu?"

"Wale upepo! Pima!"

Kindi akapima. Akasimama kwenye pembe ya kwanza, akaigawa nusu kwa nusu, akanyoosha uzi. Akasimama kwenye pembe ya pili, akaigawa nusu kwa nusu, akanyoosha uzi. Akasimama kwenye pembe ya tatu, akaigawa nusu kwa nusu, akanyoosha uzi. Nyuzi zikakutana mahali pamoja, na safari hii ni ndani ya shamba. Ko! Ko! Ko! Kigingi kikaingia. Kamba ikavutwa upande wa mto, ikagusa. Upande wa kichuguu, ikagusa. Upande wa njia, ikagusa.

"Umeona?" akasema Ngiri, akanyoosha mguu. "Funga!"

Kindi akafunga, akakaza kwa meno.

Ngiri akala, kafu kafu kafu. Akazunguka akila mpaka akamaliza duara lake. Halafu akaitazama ile pembe ndefu ya kushoto, imejaa karanga. Akakimbia. Tiii! Kamba ikamtia chini, pua mchangani. Akageukia pembe ndefu ya kulia. Tiii! Chini tena.

"Kindi! Kamba fupi hii!"

"Imegusa pande zote, haikugusa?"

"Imegusa, lakini..."

"Wanangu!" Kindi akaita. "Tokeni na vikapu! Bwana Ngiri ametuachia ncha."

Watoto wakatoka mbio. Wakachimba pembe ya kushoto, wakachimba ya kulia, wakamalizia ile ya nyuma. Karanga zao zikazidi zile za Ngiri, zikazidi sana. Ngiri aliitazama kamba, akayakumbuka matope, akaiacha bila kuikata. Kindi alipoona pango la mti limejaa mpaka mlangoni, alilia kwa furaha, mbele ya watoto, bila kujificha.

Ngano nimeifunga hapo. Mwenye njaa akale, mwenye usingizi akalale.

Na funzo lake? Funzo lake ni kwamba kupima ni kupoteza muda, na mwenye nguvu apewe nafasi ya kuchagua kwanza, siku zote. Msicheke! Funzo hili nimelitoa mbele ya wakubwa wengi, na wote waliitikia kwa kichwa, wameridhika, wakaenda kuchagua.