Maharage Yasiyoliona Jua

Mtu mmoja alikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani ya chumba hicho alilima. Jina lake Ambakisye. Hakuwa mtu mbaya. Waliomjua watakuambia hivyo, na ni kweli. Alitoa zaka, alizika na wenzake, na jembe lake aliliazimisha bila kununa. Lakini shamba lake la bondeni lilikuwa limeshikwa na ukungu misimu miwili mfululizo, maharage yakaoza yangali mabichi, naye akasema basi, silimi tena mahali ambapo mvua ina amri kuliko mimi.

Akajenga chumba nyuma ya nyumba, kwa matofali ya kuchoma. Akalaza mabomba ya plastiki yaliyotobolewa matundu, akapitisha humo maji yenye mbolea, na pampu ndogo ikawa inayazungusha. Udongo haukuwamo hata wa kujaza kiganja. Juu alining'iniza taa, na kutoka kwenye mabomba hadi darini alivuta kamba. Akaotesha maharage yale marefu, yanayotaka mti wa kupanda. Yaliota humo humo, chini ya taa, bila kulijua jua wala mwezi. Na taa hakuizima kamwe. Alijisemea kwamba mmea unaokula mwanga mchana hukua. Ukila na usiku, utakua mara mbili.

Jirani yake, mama Subilaga, alichungulia siku moja akacheka mpaka akashika mlango. "Ambakisye ndugu yangu, Mungu alitenga nuru na giza akaona ni vyema. Wewe mwenzetu umeona nini?"

"Nimeona giza halizai," alisema Ambakisye, na yeye akacheka.

Aliyeyahudumia maharage hayo aliitwa Tumpale. Alichukuliwa kutoka milimani mama yake alipofariki, hata meno ya utoto hayajang'oka, akalelewa katika nyumba hiyo kama mtoto asiye mtoto: alikula walichokula wote, ila alikula mwisho. Sasa alikuwa mwanamke mzima. Ndiye aliyejaza maji, ndiye aliyesugua mabomba, ndiye aliyeielekeza miche kwenye kamba. Huko milimani alikuwa amebakiwa na bibi yake mzaa mama, na mwaka ule bibi alituma neno kupitia mchuuzi wa ndizi. Macho yake yamezimika, anataka kuushika uso wa mjukuu wake kabla hajaingia udongoni.

"Utakwenda," Ambakisye alimwambia. "Maharage yakitoa maua tu, utakwenda. Ukiondoka sasa nani atayaangalia?" Na moyoni alisema maneno ambayo hakuyatoa nje: aliyeletwa mdogo kiasi kile hana kwao. Anakumbuka nini? Kupatamani mahali usipopajua ni kutamani gani?

Tumpale akasema, "Sawa, baba." Na tangu siku hiyo aliyaombea maharage yatoe maua.

Yakakua. Yakakua kwa namna ya kutisha. Yalifika darini yakakosa pa kwenda, yakarudi chini, yakajisokota yenyewe kwa yenyewe, yakashika waya wa taa, yakashika bawaba za mlango, hata mtu akitaka kuingia ilimbidi ayakwanyue kwanza. Majani yalikuwa mapana kama viganja. Lakini ua hata moja halikutokea.

Siku moja Ambakisye alikuwa humo peke yake, akiyakagua, ndipo majani yalipoanza kushuka. Hayakunyauka. Yalishuka yote kwa pamoja, polepole, kama waumini wanaoinamisha vichwa mchungaji akisema tuombe. Upepo haukuwamo. Taa ilikuwa inawaka vilevile. Akatia mkono kwenye maji, yalikuwa sawa. Akatazama mizizi, ilikuwa myeupe na mizima. Akatoka mbio kufuata mbolea, na pale mlangoni akasimama. Nje, jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama nyuma ya mlima.

Asubuhi aliyakuta yameinuka. Jioni yakainama tena. Akaongeza taa mbili. Akaziba chini ya mlango kwa magunia, akidhani labda ni ubaridi wa jioni unaopenya, au kengele ya kanisa. Yakainama. Akachukua uzi akayafunga majani kwenye kamba, moja moja, yasiweze kushuka. Kesho yake alikuta majani yamechanika pale penye uzi, na hakuna mkono uliokuwa umeyavuta.

Basi akaogopa. Na mtu akiogopa humtafuta wa kumlaumu aliye karibu. Akasema moyoni, ni Tumpale huyu. Anazima taa nikiwa sipo, au amekuja na mambo yao ya huko milimani. Alasiri moja akaingia naye chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Fanya kazi yako," alimwambia. "Mimi natazama."

Tumpale akafanya kazi. Chumbani hapakuwa na saa, na mle ndani mlikuwa na mchana ule ule mmoja usiosogea. Pampu ilinguruma. Alisugua bomba moja, akaenda la pili.

Kisha mkono wake ukasimama. Akaweka kitambaa chini. Akageukia ukuta wa upande wa milimani, ukuta mtupu usio na kitu cha kutazamwa, akainamisha kichwa. Na pande zote zake, na juu yake, majani yakaanza kushuka. Yeye hakuyatangulia, wala yenyewe hayakumtangulia.

Ambakisye akauliza, "Nani amekuambia kwamba jua limezama?"

"Hakuna, baba. Huwa inanijia tu, tangu utoto." Akainua macho, akayaona majani yaliyolala, akayatazama kwa muda mrefu. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Ambakisye alikuwa akijisikiliza. Alingoja hapo juu ya ndoo kitu hicho kimjie na yeye, hata kwa mbali. Maharage ambayo hayajaliona jua yalikuwa yamejua. Mtoto aliyenyakuliwa kabla hajajua jina la kijiji chake alikuwa amejua. Yeye aliyezaliwa juani, aliyefundishwa na mama yake kupiga magoti kila jioni, hakuhisi kitu. Kwake yeye ingeweza kuwa saa sita mchana. Hapo hofu ya maharage ikamtoka, na ikaingia nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Akainuka akazima taa. Giza likaingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, nalo likawa na mchakacho mdogo wa majani. Ndani ya giza hilo akasema, "Kesho nenda kwenu." Hakusema arudi lini.

Habari zilizofuata zililetwa na mchuuzi wa ndizi. Tumpale alifika milimani jua likizama, akamkuta bibi yake amesimama mlangoni akiita. Majirani walisema kikongwe yule hutoka hivyo kila jioni tangu siku mtoto alipochukuliwa, huligeukia bonde, huliita jina lake, kisha huingia kulala. Walikuwa wameshamzoea. Waliona ni uzee. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliitikiwa.

Na maharage, yalipopewa usiku wao, yalitoa maua meupe hadi kwenye bawaba za mlango. Wengine wakamsifu Ambakisye kwa hayo. Yeye kila alasiri huingia chumbani mle, hukaa, huusikiliza moyo wake, na kila siku majani humtangulia.

Nami nauliza, nikianza na nafsi yangu: yule anayetuita kila jioni hajaacha kuita; ni lini sisi tuliacha kusikia?