Mkunga Uduvi na Mtoto Aliyeachana Mikono

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kenge alikuwa bado na adabu ya kubisha hodi kabla ya kuingia kumla mtu, paliondokea mama chura mmoja, jina lake Siwema. Alikaa ukingoni mwa bwawa, katikati ya matete, na siku hiyo alikuwa na mayai mabichi kabisa, yamelala ndani ya ute wao. Mayai yenyewe yalikwishaanza kazi. Kila moja lilijigawa likawa chembe chembe, na chembe nazo zikajigawa tena, kimya kimya, bila kumsumbua mama.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa nzito. Moyo wa Siwema ukaruka, paa!

"Karibu," alisema, maana hakujua jibu lingine.

Bwana Kenge akaingia, mkia unafagia sakafu, swaa, swaa. "Hongera ya uzazi, Siwema. Nimesikia umejifungua, nimekuja kula."

"Kuwaona, Bwana Kenge?"

"Masikio yako yana tope? Nimesema kula."

Siwema akaruka mbele ya mayai. "Hawa ni wanangu!"

"Ndiyo maana ni watamu," alisema Kenge, akakaa kitako kama mtu anayengojea sinia.

Basi nyumbani humo alikuwamo mkunga aliyemzalisha Siwema. Naye hakuwa mwingine ila Kidawa uduvi, mdogo kama ukucha, mdomo mkubwa kuliko bwawa. Alikuwa uani anaosha vyombo. Kusikia vile, akaviacha vyombo, akaruka, pyu! akatua mbele ya pua ya Kenge.

"Mjomba! Usiguse! Watoto hawa wana uachano!"

"Uachano ni nini?"

"Maradhi, mjomba. Mwili unasahau kushikamana. Huanza kwa mtoto, kisha humfuata aliyemla. Unakaa zako unapiga soga, mara mkia, pwata! Mara mguu, pwata!"

Kenge akacheka mpaka matete yakatikisika. "Kidawa we! Uongo wako naujua mimi. Si wewe uliyewaambia korongo kwamba bwawa hili lina meno?"

"Basi tazama kwa macho yako."

Kidawa akachukua jani la yungiyungi lililojaa maji ya mvua. Akachagua yai moja, akalimenya ute kwa kucha zake, nywii, akalitumbukiza majini. Akalitikisa jani polepole.

Siwema akasogea kuona. Mwanzoni hakuona kitu. Halafu upande mmoja wa mtoto ukalegea. Chembe moja ikachomoka. Ikachomoka ya pili. Kisha, pfuu! Mtoto hakuwapo tena. Chini ndani ya jani palikuwa na vumbi tu.

"Yalaaa! Mwanangu!"

Siwema alipiga yowe ambalo hajawahi kulipiga chura yeyote. Hakuamini. Mkono ule ule uliompokelea watoto ndio uliomvuruga mtoto mbele yake!

Kenge naye alipauka. Uongo wa Kidawa aliuzoea, lakini yowe lile halikuwa la uongo. Akageuka taratibu kuutazama mkia wake.

"Binamu yangu Mjusi," alisema kwa sauti nyembamba. "Mkia wake ulidondoka! Mimi nikadhani amebanwa na mlango."

"Lahaula!" alisema Kidawa. "Alikula nini?"

"Sijui! Mjusi anakula kila kitu!"

Hakungoja zaidi. Aliukumbatia mkia kwa mikono miwili, akatimua mbio kwa miguu ya nyuma, chakacha, chakacha, huku akipiga kelele, "Shikamana! Shikamana, mkia wangu!" Hata kwaheri hakuaga.

Siwema hakumtazama. Alimrukia Kidawa. "Muuaji! Nilikuita mkunga, kumbe nimeita muuaji!"

"Utanipiga baadaye, somo. Niachie mkono huu kwanza."

Kidawa akaokota kipande cha gamba la konokono, akakisaga hadi kikawa unga, akanyunyiza kidogo ndani ya jani.

"Unafanya nini?"

"Natia chokaa. Hajafa huyu, somo. Kila chembe ya mwanao ina vijiganja, wajuzi huviita protini. Kwa vijiganja hivyo humshika jirani. Lakini bila chokaa ya majini havikazi, na maji ya mvua hayana chokaa. Wameachana mikono tu."

Ninyi mnaonisikiliza, msicheke. Ndiyo, protini kama za maharage. Ni ukoo mmoja, ila hizi zina kazi nyingine.

"Na watajuana vipi?" Siwema alilia. "Wamechanganyika!"

"Wa ngozi humtambua wa ngozi kwa namna anavyomshika, wa tumbo humtambua wa tumbo. Wakishashikana, hupelekeana habari. Wewe kaa nje, wewe ingia ndani, huku kichwa, kule mkia. Sasa nyamaza."

Siwema akainama juu ya jani. Vumbi. Akangoja. Vumbi tu.

Mara chembe moja ikatikisika. Ikamgusa jirani, ikang'ang'ania. Ikaja nyingine, ikapapasa, haikumpenda huyo, ikahamia kwa yule. Nywi, nywi, nywi. Pakawa na kidonge kidogo. Chembe za nje zikasogea nje, za ndani zikajibanza ndani, na kidonge kikajikunja kama mtoto anayejivutia shuka.

"Amerudi!" Siwema akaketi topeni pwaa, machozi yanamtoka. "Somo, ulijua tangu mwanzo kwamba atarudi?"

Kidawa akajikuna sharubu. "Nusu."

"Nusu?"

"Sifongo, yule mnyama wa majini, niliwahi kumwona akirudi. Chura, ndiyo kwanza leo."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungepiga yowe la maigizo. La maigizo Kenge analijua. Wangekwisha wote, somo."

Siwema akainua mkono ampige. Alimtazama Kidawa, akayatazama mayai yake yote mahali pake, akashindwa kupiga na akashindwa kukumbatia.

Mayai yalipoanguliwa, viluwiluwi vilijaa bwawa zima, na hakuna hata kimoja kilichopungua. Kidawa alikuja kuwatazama, na Siwema alimkaribisha kwa furaha, akampakulia chakula kizuri, akamwekea mkeka. Kisha akamwambia, "Watazame, somo. Lakini mikono nyuma."

Basi wanangu, shikeni hili: akili ya mdogo humkimbiza mkubwa, lakini usimtie mtoto wa mwenzio katika ujanja wako kabla hujamwomba mama yake.