Bwana Shamba na Mbegu za Asio

Wahenga walinena kuwa ukitaka cha mvunguni sharti uiname, yaani kilicho chini hakimpandii aliyesimama wima. Herbert, bwana shamba wa vijiji vya kati ya Tororo na Busia, aliijua methali hiyo tangu darasa la nne. Kumbe kujua ni kitu kimoja, na kuinama ni kingine.

Mwaka wa 1966 karanga zilikuwa zimedumaa misimu miwili, majani ya manjano kama mgonjwa wa ini. Watafiti wakagundua kinga isiyouzwa dukani: zipandwe mvua za kwanza, tena zibanane, kwani vidukari waletao ugonjwa hawalipendi shamba lililofunikwa na majani. Herbert akawaita wanaume barazani, akatundika chati, akawasomea inchi zote za kuachanisha mbegu na mistari. Wakampigia makofi mpaka akaona haya.

Mvua ikanyesha. Herbert akapanda baiskeli kwenda kutazama, akakuta mashimo ya mbegu yameachana kama meno ya kikongwe. Basi makofi yale yalikuwa ya nini? Swali hilo likamwasha kama upupu, akampelekea Emojong, aliyepiga makofi kuliko wote.

"Ulisema vizuri, bwana shamba," Emojong akamjibu. "Lakini karanga ni za wanawake. Mke wangu akiniona nazipanda, atadhani nimeshamzika."

"Na hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Herbert akaenda kwa Asio, mjane wa watoto watano, ambaye siku hiyo majirani walikuwa na zamu ya kumlimia. Alikuwa na nusu kikapu cha mbegu, za mwisho. Zikiharibika, mbegu nyingine hana. Herbert akasimama ukingoni na viatu vyake, akaanza inchi zake. Migongo ikaendelea na kazi.

Bibi Taaka, mkongwe wa wanawake wale waliokuwa wakilima, akamtegea kitendawili: mama huchanua juani, huzalia gizani. Herbert akataja popo, akataja mwezi, mwishowe akatoa mji.

"Karanga, mjukuu wangu," bibi akasema. "Ua likinyauka, kikonyo chake huingia udongoni kikazae humo. Umezisomea, hujawahi kuzichungulia?"

Wanawake wakacheka. Herbert naye akacheka, akavua viatu, akachuchumaa, akawauliza wao hupimaje. Asio akanyoosha mkono. Basi inchi zikageuka dhiraa moja kati ya mistari, na vidole vinne kati ya mbegu.

"Nikizibananisha hivyo zitaishia katikati ya shamba," Asio akasema.

Hilo halikuwamo kwenye chati. Herbert akafikiri, kisha akasema kweli: "Zitaishia hapo, mama. Panda nusu, kwingine tia viazi."

Asio akachota mbegu kiganjani. Kisha akaweka vidole vinne chini, akaanza.

Siku ya kung'oa, ile nusu ilijaza vikapu vitano, na mashamba jirani yaliyopandwa kwa kuachanisha mbegu yakageuka tena manjano. Msimu uliofuata mke wa Emojong alikuja kwa Asio kujifunza, na Emojong nyuma yake amebeba kikapu, akiuliza vidole vinne huanzia kipi.

Naam, ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.