Mtumbwi Uliozibwa Mdomo

Hivi wewe unayenisikiliza, mjomba wako wa damu akikuchagulia jeneza akaliita mtumbwi, utamwamkia shikamoo?

Zamani mitumbwi ilisema. Bahitwa alimwomba mjomba wake, eti eksipati, mtaalamu wa mitumbwi wa ukoo, amchagulie mmoja wa ziwa kubwa. Wa kwanza ukasema, "Mimi bapa, ni wa bwawani." Wa pili ukasema, "Mimi mwembamba, ni wa mtoni." Wa tatu, wenye kina na mbavu nene, ukasema, "Mimi nayaweza mawimbi." Mjomba akajichukulia wa tatu, kisha akaupaka ule bapa rangi mpaka mdomo ukaziba.

"Uko fiti, anko," mjomba akamwambia Bahitwa.

Bahitwa akaingia nao ziwani, ziwa likachafuka. Mawimbi yakabandua rangi, na mtumbwi ukalia, "Nilimwambia mjomba wako." Ukapinduka.

Bahitwa akafika ufukweni ameukumbatia, anatapika maji, akamkuta mjomba amesimama.

"Mjomba, ule uliojichukulia ni wangu, ulete. Na huu bapa uupande wewe, leo, ziwa likiwa hivi hivi."