Paka Aliyetema Dawa Nyuma ya Mtungi

Mpo?

Tupo!

Masikio yapo?

Yapo!

Na meno yapo?

Yapo!

Haya, yenu yapo. Mimi nimebakiwa na ya kukaribishia wageni tu. Neno likinitoka upande, liokoteni mlinyooshe.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke aliyeitwa Bi Sikudhani. Nyumbani kwake walikaa Paka, Mbwa na Kuku. Paka alikuwa mzee kuliko wenzake. Enzi za ujana wake panya wa kijiji kizima walihamia ng'ambo ya mto, na habari hiyo aliisimulia kila siku, hata kwa wasiomuuliza.

Siku zikaenda, meno ya Paka yakaoza. Kinywa kikanuka. Akawa anatafuna upande mmoja, kisha akawa hatafuni kabisa. Akiulizwa, anasema amefunga. Na mwezi wa kufunga ulikuwa bado mbali.

Bi Sikudhani akamtia kikapuni, akampeleka kwa Nungunungu, mganga wa meno. Nungunungu akamnywesha dawa ya usingizi, akachomoa mwiba mgongoni mwake, ule mwembamba, akayachokonoa meno mabovu mpaka yakang'oka yote. Kisha akamwagiza Bi Sikudhani: chakula kiwe laini, kisiwe na mfupa, na mgonjwa ameze kidonge, nacho huleta usingizi, asubuhi na jioni mpaka ufizi ufunge.

Paka alirudi nyumbani anayumba kama mlevi wa tembo. Akajigonga mlangoni. Akasema mlango ndio uliosogea.

Mbwa alimwonea huruma sana. Akaenda uani, akafukua mfupa wake bora, aliouzika tangu masika, akamwekea puani. Akamwambia, "Babu, huu nilijiwekea mwenyewe. Guguna, utapona."

Paka akageuza kichwa.

Akaja Kuku na mahindi makavu. Akaeleza kwamba yeye hajawahi kuwa na meno tangu azaliwe, na mahindi anayameza hivyo hivyo, basi Babu naye atazoea.

Paka akageuza kichwa.

Akaja Bi Sikudhani. Alikuwa ametwanga dagaa kwenye kinu, akachuja miiba, akakoroga na maji ya vuguvugu mpaka ukawa uji. Hicho ndicho chakula alichokihitaji Paka, na harufu yake ilimtoa udenda. Lakini Mbwa alikuwa anatazama, na Kuku alikuwa anatazama. Yeye aliyewahamisha panya, leo arambe uji kama mtoto anayeachishwa ziwa?

Paka akageukia ukutani, na njaa yake.

Msimcheke. Ingekuwa mimi, ningeung'ang'ania ule mfupa nikavunjika na taya.

Ikabaki dawa. Bi Sikudhani akampanua kinywa, akamtia kidonge, akampapasa koo. Paka akajifanya amemeza. Alipoachwa peke yake akaenda nyuma ya mtungi wa maji, akakitema. Jioni akapewa, akatema. Asubuhi akapewa, akatema. Akawa anajisifu moyoni kwamba meno yameng'olewa lakini ujanja umebaki.

Sasa Kuku, katika kuparuaparua kwake, akafika nyuma ya mtungi. Akaona vitu vyeupe. Akadhani ni punje. Akadona cha kwanza, akadona cha pili, akadona cha tatu.

Kufika adhuhuri Kuku alikuwa anasinzia na mdomo umo ndani ya maji. Akarukia tundu lake, akaanguka. Akarukia tena, akaanguka, na safari hii hakuinuka. Bi Sikudhani akamtazama akasikitika. Akasema hiki ni kideri, na kuku wa kideri huchinjwa kabla hajafa mwenyewe. Akaingia jikoni, akatoka na kisu.

Wakati huo Paka naye alikuwa hoi. Shavu limevimba, mwili unawaka homa, kichwa hakiinuki. Lakini macho yalikuwa yanaona. Aliona kisu, akaona Kuku alivyolala, akajua. Akinyamaza, Kuku atakwenda chunguni. Akisema, ataaibika mbele ya nyumba nzima. Alitamani ardhi impasukie. Haikupasuka.

Akasema, "Mama, weka kisu. Kuku haumwi. Amemeza dawa yangu."

Akaeleza yote, tangu kidonge cha kwanza. Bi Sikudhani akakaa kwenye kibao cha mbuzi, penye meno ya kukunia nazi, bila kuangalia anakalia nini, akainuka upesi. Mbwa akamsogelea Paka, akamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Ningesema nini, mjukuu wangu?" Paka akajibu. "Kwamba shujaa wa panya anaogopa kidonge? Kwamba uji nautaka, ila mtazame pembeni?"

Kisha Paka akajisikia mwenyewe alivyosema, akaanza kucheka. Taya ilimuuma, hewa ikampita kwenye mapengo ikapiga mluzi, na mluzi ule ukamchekesha zaidi. Mbwa akacheka, Bi Sikudhani akacheka. Kuku alikuwa anakoroma.

Bi Sikudhani akasema naye ana kosa lake, maana kila mara amempanua kinywa, hata mara moja hakumuuliza kama anakiweza. Akakifinyangia kidonge ndani ya donge la dagaa. Paka alijua kimo ndani. Akala. Kisha akaletewa uji, na Mbwa akatazama uani kama alivyoombwa, mpaka bakuli likang'aa.

Kuku aliamka kesho yake akiuliza nani amezima jua. Shavu la Paka likanywea, homa ikashuka, ufizi ukafunga. Tangu hapo akila uji mbele ya watu, haombi tena mtu ageuke. Na wageni wakija, ile habari ya panya anaikata katikati, anawasimulia alivyoshindwa na kidonge mpaka Kuku akammezea. Wageni huipenda hiyo kuliko ya panya.

Kuku naye, hadi leo, hata mchele ukimwagika, anauliza kwanza.

Basi jueni: mgonjwa mwenye haya humlaza hata jirani yake. Ukiumwa, sema. Na wewe unayemuuguza mtu, usimpelekee unachokipenda wewe. Muulize anachokiweza yeye.

Ngano imefika kwao, nami nimefika kwangu. Mwenye yake na aianze, nimsikilize nimefumba mdomo.